Jina la Kiowevu Kitokacho katika Kuni

Wataalamu wa Ulaya na Marekani walipopata kiowevu cheusi kwa kutia vumbi la mbao katika joto la ghafula, walikiita mafuta, Waingereza kwa neno lao, Wafaransa na Waholanzi vilevile kwa lao. Kabla jina hilo halijakaa katika vitabu vyetu vya shule yafaa tujiulize kama kitu hicho ni mafuta kwa maana tunayoijua sisi. Jambo hili si la wanalugha peke yao, maana fundi atakayeambiwa kwamba ni mafuta aweza kuyamimina katika injini ya dizeli, na injini hiyo itaharibika.

Kwanza tutazame kazi yenyewe. Twasema kwamba mtu achoma mkaa, na neno limezoeleka. Walakini asichokitaka mchomaji ni kuni ziungue zikawa majivu. Ndiyo maana hulifunika tanuri lake kwa majani na udongo ili hewa isipate njia. Kuni hupata joto pasipo hewa ya kutosha, huvunjika ndani kwa ndani, na sehemu kubwa ya vitu vyake hutoka kwa moshi mzito. Kibakicho ni mkaa. Kuvunjika huku kwa nguvu ya joto pasipo hewa ndiko wataalamu wakuitako pirolisisi. Katika tanuri la udongo kazi huchukua siku kadhaa, na moshi wote hupotea angani.

Sasa badili jambo moja, yaani mwendo. Kuni zisagwe hata chembe zisizidi milimita 3 hivi, zikaushwe mpaka maji yaliyomo yasifike sehemu 10 katika 100, kisha zichanganywe na mchanga wa moto katika chombo kisichoingiza hewa, joto likiwa kama digrii 500 za sentigredi. Moshi utokao usikae humo hata sekunde 2, bali uondolewe na kupozwa upesi ugeuke matone. Haraka hii ina sababu yake: moshi ukikawia katika joto huvunjika tena ukawa gesi tupu, au hurudi kuwa mkaa. Ukiwahiwa, kilo 100 za kuni kavu zaweza kutoa kilo 75 za kiowevu, na zilizosalia ni mkaa na gesi. Majani makavu na mabua hayatoi kiasi hicho, kwa kuwa yana majivu mengi, na chumvi za majivu huuvunja moshi kabla haujapoa.

Kiwanda cha namna hiyo kilianza kazi mwaka 1,015 na 1,000 ukiongezwa, yaani 2015, mjini Hengelo katika Uholanzi, kwa maarifa yaliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Twente. Humo mchanga na vumbi la mbao huchanganywa ndani ya pia inayozunguka. Mkaa unaotoka huteketezwa kando ili kuupasha mchanga moto upya, hata kazi yajilisha yenyewe. Kiowevu chake kilipelekwa kwenye kiwanda cha maziwa huko Borculo, kuchemshia maji ya mvuke badala ya gesi asilia.

Basi, ni mafuta? Katika Kiswahili neno hili ni pana mno: lina nazi, lina nyama, lina taa, lina motokaa. Hata hivyo vyote hivyo vina tabia moja, kwamba havipatani na maji, navyo huelea juu yake. Kiowevu cha kuni ni kinyume. Maji ni sehemu 15 hadi 30 katika 100 zake, tena yamechanganyika humo pasipo kuonekana. Lita moja ina uzito wa kilo 1.2 hivi, kwa hiyo chazama. Kikitiwa katika dizeli hujitenga. Ni kikali kama siki, hula chuma cha kawaida. Kikiwekwa muda mrefu huzidi kuwa kizito. Na ukijaribu kukikeneka, karibu nusu yake hugandamana chunguni. Joto la kilo yake halifiki nusu ya lile la dizeli, kwa kuwa kimejaa oksijeni iliyokuwa katika kuni.

Nimepima majina kadhaa. Utomvu haufai, maana huo hutoka katika mti ulio hai. Lami ni sehemu yake tu, ile izamayo chini maji yakiongezwa kwa wingi. Mimi napendelea maji ya moshi, kwa sababu ndivyo kilivyo: ni moshi uliopozwa ukawa majimaji. Yamkini mtu atapinga kwamba maji hayawaki. Lakini twasema maji ya betri, wala hakuna ayanywaye. Neno maji katika Kiswahili halikufungwa kwenye kisima.

Wako wanaoyaondolea maji hayo oksijeni kwa haidrojeni, chini ya kani kubwa na kwa msaada wa vichocheo, ambavyo huziba upesi na kuigharimu kazi. Kitokacho huko huelea juu ya maji na huchanganyika na dizeli. Hicho ndicho tukiite mafuta.