Chujio la hewa la kufuliwa: Je, lafaa kwa pikapu ya kazi?

WENYE pikapu zinazofanya kazi kila siku katika barabara za vumbi mikoani hushawishiwa madukani kununua chujio la hewa lisilotupwa, ambalo hufuliwa na kurudishwa garini kwa miaka kadhaa. Wauzaji hulisifu kuwa huongeza nguvu ya injini na kupunguza ulaji wa mafuta. Bei yake ni kubwa, hivyo yafaa mnunuzi aelewe kwanza anachokilipia.

Chujio la kawaida ni la karatasi iliyokunjwakunjwa. La kufuliwa, kama yale ya kampuni ya K&N ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969, lina tabaka za shashi ya pamba iliyopakwa oili maalumu na kushikwa kwa wavu wa waya. Matundu ya shashi ni makubwa kuliko ya karatasi, na oili ndiyo inayosaidia kunasa vumbi. Kwa sababu hiyo hewa hupita kwa wepesi. Na kwa sababu hiyo hiyo, oili ikikauka vumbi nalo hupita.

Hapo ndipo penye hatari. Chembe za mchanga zenye upana wa maikroni 10 hivi, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, huingia kati ya ringi za pistoni na silinda na kusaga chuma kama msasa. Injini huanza kula oili na kutoa moshi, na mwisho wake ni kufunguliwa na kuchongwa upya. Gharama ya kazi hiyo ingetosha kununua machujio ya karatasi ya miaka mingi.

Kuhusu mafuta, sifa za wauzaji zina walakini. Utafiti wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, Marekani, uliotolewa mwaka 2009, ulionyesha kuwa katika magari ya kisasa ya petroli, hata chujio lililoziba halikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa gari kushika kasi. Basi ni vigumu kuamini kuwa kuondoa chujio safi la karatasi na kuweka la pamba kutaokoa mafuta mengi.

Hata hivyo, kwa anayetembea zaidi kwenye lami na aliye mwangalifu, chujio hilo si baya. Huoshwa kwa dawa yake, maji yakitoka upande safi kwenda upande mchafu, kisha huachwa likauke lenyewe bila moto wala kompresa. Petroli, ambayo mafundi wengi hukimbilia kuoshea kila kitu, isitumike. Oili hupakwa kwa kiasi, kwani ikizidi huweza kuchafua sensa inayopima hewa. Kukauka huchukua saa nyingi, na gari la biashara haliwezi kulala. Mwenyewe atahitaji chujio la pili. Yapo pia ya kufuliwa yenye nyuzi za sintetiki, yasiyohitaji oili, na kwa gari lenye sensa hiyo ni afadhali.

Lolote litakalochaguliwa, ukingo wake wa mpira lazima ukae barabara ndani ya kasha. Baada ya wiki chache, futa kwa kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo kati ya chujio na injini. Kikitoka na vumbi, chujio hilo liondolewe siku hiyo hiyo.