Cheti cha baharia kinamhusu pia mwenye mzigo

Mfanyabiashara anayesubiri kontena la kwenda Kigali au Lubumbashi huulizia meli imefika wapi na ushuru ni kiasi gani. Habari za mabaharia haulizi. Hata hivyo, meli inaweza kuzuiwa bandarini kwa sababu ya kasoro katika vyeti vya maafisa wake, na mzigo ukakaa humo humo.

Vyeti hivyo hutolewa chini ya mkataba wa STCW, uliopitishwa mwaka 1978 katika Shirika la Bahari Duniani, IMO. Marekebisho ya mwaka 1995 ndiyo yaliyoongeza ukali: kila nchi sasa inatakiwa kufanyiwa tathmini huru ya mafunzo na utoaji vyeti angalau mara moja kila miaka 5. Marekebisho mengine, ya Manila, yalipitishwa 2010 na kuanza kutumika 2012.

Kufaulu darasani hakutoshi. Anayetaka cheti cha afisa wa zamu, katika meli ya tani 500 na zaidi, lazima awe na miezi 12 baharini chini ya mafunzo yaliyoidhinishwa, kazi zake zikiandikwa katika daftari maalum. Bila utaratibu huo ni miezi 36. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Chuo kama DMI cha Dar es Salaam au Bandari Maritime Academy ya Mombasa kinaweza kuongeza madarasa na simuleta, lakini nafasi ya mwanafunzi melini hutolewa na mwenye meli.

Wafilipino walionja ukali wa tathmini. Wakaguzi wa Umoja wa Ulaya walianza kuona mapungufu mwaka 2006, hasa katika usimamizi wa vyuo na upimaji wa wanafunzi. Mwaka 2014 Ufilipino ilitunga sheria iliyoipa mamlaka moja, MARINA, kazi yote ya kusimamia STCW. Bado haikutosha. Ni Machi 2023 tu ambapo Ulaya ilikubali kuendelea kutambua vyeti vyao, wakati huo maafisa Wafilipino wapatao 50,000 wakiwa katika meli za Ulaya.

Kwa hiyo, unapokodi meli ya mwambao, omba kuona hati ya idadi ya chini ya mabaharia, kisha linganisha na vyeti vyao. Angalia tarehe: cheti cha afisa huhuishwa kila miaka 5. Vyombo vya Ziwa Victoria na Tanganyika haviguswi na STCW. Huko uliza sheria ya nchi husika.