Je, wajua? Risasi, metali inayoyeyuka jikoni

Betri ya gari ikifa huku Shianda haitupwi. Mnunuzi wa vyuma kuukuu huiweka kwenye mizani, akaitikisa kidogo kusikia kama maji yake bado yamo, kisha akataja bei. Asiyeizoea hushangaa jinsi kijisanduku cha plastiki kidogo vile kinavyomlemea mtu mzima. Uzito huo ndio unaolipiwa. Sehemu kubwa yake ni risasi, kilo nane au kumi hivi kwa betri ya gari dogo, na risasi hiyo hainunuliwi ikakae uani. Itayeyushwa, itamiminwa kalibuni, itaanza maisha mengine.

Metali chache za kawaida ni rahisi kushughulikia kama hii. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, shaba nyekundu 1,085, aluminiamu ya sufuria 660. Risasi hulegea na kuwa uji kwenye nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la makaa lililokolea hulipita bila taabu. Haihitaji tanuri, mvukuto wala fundi aliyesomea. Ni laini kiasi kwamba ukucha huiachia alama. Ikate kwa kisu, nawe utaona mng'aro wa fedha wenye kuelekea ubuluu, na baada ya muda mfupi mng'aro huo unafifia na kuwa kijivu. Kijivu hicho ni ngozi nyembamba inayoizuia hewa isiendelee kuila, na ndiyo sababu risasi haishiki kutu kama chuma. Warumi waliifanya mabomba ya maji. Wavuvi wa Ziwa Victoria huitia kwenye ukingo wa nyavu ili zizame, mabaharia wakaifanya bildi ya kupimia kina, na waashi wakaitundika kwenye uzi wa timazi.

Kisha kuna bunduki. Mumias, mji jirani wa Shianda, ulikuwa kituo cha misafara kabla reli haijafikiriwa. Watu wa pwani walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, babake Nabongo Mumia, na Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 njia hiyo tayari ilikuwa ikijulikana na wafanyabiashara wa pembe. Silaha ya misafara ya zama hizo ilikuwa gobori, bunduki ya kushindilia kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha kitambaa au nyuzi, kisha donge la risasi. Ganda la risasi halikuwepo. Donge lenyewe mtu angeweza kulisubu penye moto wake wa kupikia, kwa kijungu cha chuma na kalibu ya vipande viwili inayobanwa mfano wa koleo. Risasi ikikosekana, gobori haikukataa kipande cha chuma wala kokoto.

Wawindaji ndege walitaka kitu kingine: marisau, punje ndogo za duara kamili, kwa maelfu. Kuzisubu moja moja kwenye kalibu ni kazi ya kumzeesha mtu. Fundi mmoja wa mabomba mjini Bristol, Uingereza, aliyeitwa William Watts, alipata dawa yake, na hati ya uvumbuzi akapewa mwaka 1782. Aliiyeyusha risasi, akaitia aseniki kidogo, akaimwaga kupitia chujio kutoka juu kabisa ya jengo. Matone yakianguka, umajimaji hujivuta wenyewe pande zote kwa nguvu sawa, na umbo pekee linaloridhisha mvuto huo ni duara. Yakifika chini ndani ya pipa la maji yameshaganda yakiwa punje. Watts alipandisha mnara juu ya nyumba yake mwenyewe na kutoboa sakafu zake ili apate urefu wa kutosha. Sijui majirani walisemaje.

Bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu zilipokuja, ulaini wa risasi ukawa baraka na balaa kwa pamoja. Baraka, kwa sababu risasi laini huuma ile mifuo na kuzunguka, na kinachozunguka huenda moja kwa moja. Balaa, kwa sababu baruti kali ya mwishoni mwa karne ya 19 iliisukuma kwa kasi mpaka ikawa inajipaka ndani ya mtutu. Ndipo ikachanganywa na antimoni na bati ili ikakamae, na hatimaye ikavishwa koti la shaba. Nchini Kenya risasi za bunduki hutengenezwa na kiwanda cha serikali kule Eldoret, kilichozua mabishano makali ya kisiasa katika miaka ya 1990. Kwa raia, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, imelifunga jambo hilo: kutengeneza risasi za bunduki bila leseni ni kosa la jinai.

Marekani mambo ni tofauti, na huko kusubu risasi nyumbani ni mchezo wa wikendi. Watu hukusanya vizito vya kusawazisha magurudumu, vipande vya paa kuukuu na risasi zilizofukuliwa kwenye vilima vya kulengea shabaha. Vizito vya siku hizi huwachanganya, maana vingi ni vya zinki au chuma, na zinki kidogo tu huharibu chungu kizima. Usafishaji wenyewe una ajabu yake: ndani ya chungu cha risasi iliyoyeyuka, chuma huelea. Sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11 na ushei, ya chuma haifiki 8, kwa hiyo vibanio, misumari, mchanga na uchafu wote hupanda juu. Hutupwa kipande cha nta, kinawaka, na kaboni yake huirudishia umetali sehemu ya risasi iliyokwisha kuungana na hewa. Kinachobaki juu ni unga wa kijivu na manjano, nao huenguliwa kwa kijiko.

Anayeiyeyusha huogopa moshi, kumbe angeogopa zaidi unga huo. Kwenye joto la kuyeyukia tu risasi hutoa mvuke mdogo sana; ni moto ukizidi ndipo mvuke unakuwa wa kuhesabiwa. Lakini unga ni mwepesi, unashika viganja, nguo, ukingo wa sufuria, na unaingia ndani na mtu akienda kula. Tone moja la maji likiangukia chunguni nalo hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha risasi ya moto hadi usoni.

Betri ndiyo malighafi mbaya kuliko zote, na ndiyo iliyojaa vijijini kwetu tangu bodaboda na sola ziingie. Gaston Planté, Mfaransa, aliibuni mwaka 1859, na muundo wake haujabadilika sana: sahani za risasi ndani ya asidi ya salfa. Sahani hizo si metali tupu. Zimepakwa lahamu ya misombo ya risasi ambayo jiko haliwezi kuigeuza metali, hivyo anayeichoma uani hupata kidogo na kutawanya kingi kuwa vumbi. Asidi humwagwa hapo hapo. Tena baadhi ya sahani zina antimoni na nyingine kalsiamu, na masalia yake yakikutana na unyevu yanaweza kutoa gesi ya sumu.

Mwilini, risasi hufaulu kwa kujifanya kalsiamu. Hupita milango ile ile, hulala mifupani kwa miongo, na mama akipata mimba, mifupa ikitoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, risasi nayo hutoka. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima angefyonza kwa kumeza kiasi hicho hicho, na kinachoumia ni ubongo. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kilicho salama. Hata petroli iliwahi kutiwa risasi, tangu Thomas Midgley alipogundua mwaka 1921 kwamba inatuliza mgongano wa injini. Kusini mwa Sahara desturi hiyo ilikoma mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha 2021.

Kesi inayojulikana zaidi Kenya ni ya Owino Uhuru, mtaa wa Changamwe, Mombasa, uliopakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009. Mwanawe mchanga aliugua, madaktari wakamtibu hili na lile, hadi damu yake ilipopimwa ikaonekana ina risasi. Mama huyo akaanza kuwapima watoto wa majirani na kuzunguka ofisi kwa ofisi. Kiwanda kilifungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Fidia ilikuwa nusu tu ya shauri. Mahakama iliagiza pia udongo usafishwe, na hapo ndipo ugumu wa risasi unapoonekana. Ni elementi, haina kitu kingine cha kuvunjikia. Hata urani, ikimaliza kujimega kwa mabilioni ya miaka, huishia kuwa risasi na kusimama hapo. Mvua haiiozeshi na jua haliichomi. Uwanja uliotiwa vumbi lake huchimbwa ukahamishwa, au hufunikwa kwa udongo safi na kuachwa bila kulimwa.