Waridi Linalowapenda Wapenzi

Huko Nechells, mtaa wa reli, mifereji na viwanda vya zamani jijini Birmingham, salamu ya Kiislamu husikika barabarani pamoja na Kiingereza. Natamani wanaoitoa wamjue Meleager, mshairi wa karne ya 1 kabla ya Kristo. Alizaliwa Gadara, kaskazini mwa Jordan ya leo, akakulia Tiro, akazeekea kisiwani Kos, na mashairi yake ni ya Kigiriki. Katika moja alilolitungia kaburi lake mwenyewe, anamwamkia mpita njia kwa lugha tatu. Mpita njia akiwa Msyria, anamwambia "salam".

Kwake nilifikishwa na neno *philerastos*, yaani mwenye kuwapenda wapenzi. Plato alikwisha kutumia neno la jamaa hiyo katika *Karamu*, kinywani mwa mhusika wake Aristophanes. Pale linamhusu kijana wa kiume anayempenda mwanamume mzima aliyemtaka, desturi ya wakubwa wa Athene ambayo siwezi kuisifu. Meleager yeye analivisha ua. Yuko kwenye kinywaji, anataka mvinyo umiminwe kwa jina la mpenzi wake Heliodora, na avikwe shada la jana ambalo bado limelowa marashi. Waridi lililomo shadani linalia, maana linamwona Heliodora yuko kwingine, si kifuani pa mshairi.

Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji fasiri ndefu. Anakijua kikuba: asumini, rehani na mkadi vilivyofungwa pamoja na kubandikwa kwenye nguo, harufu ikalala nayo hadi asubuhi. Ila kwetu ua aghalabu ndilo linalotumwa, au ndiye mpenzi mwenyewe anayeitwa hivyo. Waridi la Meleager lina uchungu wake. Linawaonea huruma watu wawili waliotengana, na kwangu hapo ndipo neno lile linapopata utu.

Birmingham inaweza kulipokea waridi hilo. George Thomson, profesa wa Kigiriki wa chuo kikuu cha huko kuanzia 1937 hadi 1970, alikwenda pia kuwahutubia wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Austin. Hakuamini kwamba elimu ya Kigiriki ni ya wateule. Nechells nako wako vijana wa Kisomali, watoto wa watu wanaoutukuza ushairi, na Meleager angewafaa: Msyria aliyetunga mashairi ya mapenzi kwa Kigiriki, akatamka kwamba Usyria wake si jambo la kushangaza, kwa kuwa nchi yetu sote ni moja, ulimwengu. Ningependa wasomewe kwanza lile shairi la waridi, kwa Kigiriki, kisha kwa Kisomali.