Sauti inakatika kwenye FL Studio? Usikimbilie kupiga Windows!



Kuna tatizo moja linawatesa sana vijana wanaotengeneza muziki kwa kompyuta. Unafungua FL Studio au Cubase, unabonyeza biti ipige, kimyaaa. Au inapiga, ila inakwaruza kama redio iliyokosa stesheni. Au msanii anaimba kwenye maiki, sauti yake inamrudia masikioni imechelewa, anapoteza mdundo. Halafu ukifungua YouTube sauti iko safi kabisa! Hapo ndipo watu wanachanganyikiwa. Laptopu inapelekwa kwa fundi, fundi anasema "kadi ya sauti imekufa" au "hii tuipige Windows upya". Hela inakutoka, projekti zako zinafutika, na wiki ijayo tatizo lipo palepale.

Wadau, mara nyingi kadi haijafa. Kilichopo ni UGOMVI. Kuna wawili wanagombea kitu kimoja ndani ya kompyuta. Ukishajua nani anagombana na nani, unaamua mwenyewe bila kulipa hata shilingi.

Na hili si suala la kuchezea. Chukua studio ya chumba kimoja hapa Shishiyu: laptopu ya mtumba, maiki moja, hedifoni moja. Pamba imeshavunwa, manju kaja na kundi lake zima, nauli wamelipa, umeme umekatika na jenereta linakunywa petroli. Ukihangaika na draiva saa tatu, kundi linaondoka na haliji tena. Nyimbo nyingi za Bagika na Bagalu hazijaandikwa popote, ziko vichwani mwa wazee. Mzee akirudi kwake bila kurekodiwa, huenda ndiyo basi tena.

Wala tusisingizie vifaa. Singeli ilipikwa kwenye studio za mtaani Dar kwa kompyuta za kawaida, na mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, dunia nzima ikasikia. Kwa hiyo kompyuta ya kawaida inatosha, ili mradi isigombane yenyewe kwa yenyewe.

DRAIVA NI KITU GANI?

Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Bila draiva kadi ya sauti ni kipande cha chuma tu.

Sasa sauti ina njia mbili za kufika kwenye kadi. Njia ya kwanza ni ya kawaida: Windows inakusanya sauti za programu zote, inazichanganya, ndipo inazipeleka kwenye kadi. Ndiyo maana unaweza kusikiliza wimbo huku WhatsApp inalia. Ubaya wake ni kwamba foleni inachelewesha. Kwa kusikiliza wimbo huoni shida, ila kwa kurekodi ni balaa.

Njia ya pili ni ya mkato. Mwaka 1997 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, hao hao wenye Cubase, walileta kitu kinaitwa ASIO. Hapa programu ya muziki inaongea na kadi moja kwa moja bila kupanga foleni. Tatizo, kadi nyingi zinazokuja ndani ya laptopu, kama zile za Realtek, hazikutengenezwa kwa ajili ya studio. Ndipo jamaa mmoja anaitwa Michael Tippach akatengeneza ASIO4ALL, draiva ya bure inayoifanya kadi ya kawaida ionekane ina ASIO. Kwa miaka mingi FL Studio ilikuwa inakuja nayo kwenye kifurushi, ndiyo maana wengi mnayo bila hata kujua.

Miaka ya 1990 ugomvi ulikuwa wa namba. Kadi ya Sound Blaster na kifaa kingine wakipewa namba moja ya IRQ, kompyuta inaganda. Siku hizi Windows inagawa namba hizo yenyewe. Ugomvi uliobaki ni wa aina tatu, tuuchambue mmoja mmoja.

UGOMVI WA KWANZA: PROGRAMU MBILI, KADI MOJA

Dalili: FL ikipiga, YouTube inanyamaza. YouTube ikipiga, FL inanyamaza. Huu ndio unaowapata wengi zaidi.

Sababu yake ni kwamba ASIO4ALL ikishika kadi haimpi mwingine. Na mwingine akiiwahi, yenyewe inabaki nje. Haijaharibika, ndivyo ilivyotengenezwa.

Dawa: funga kila kitu chenye sauti. Kivinjari chote (siyo ukurasa mmoja tu), VLC, WhatsApp ya kompyuta, Zoom. Angalia pia vialama vidogo pembeni ya saa, kuna programu zinajificha pale. Kisha fungua FL, bonyeza F10 uende kwenye mipangilio ya sauti, chagua ASIO4ALL, fungua paneli yake. Utaona majina ya vifaa na hali yake. "Active" maana yake inafanya kazi. "Inactive" ipo ila haijawashwa, basi iwashe. "Unavailable" kuna programu nyingine imeikalia, hivyo rudi ukamtafute huyo. "Beyond Logic" maana yake kadi imevurugwa. Kama ni ya USB ichomoe uichomeke, kama ni ya ndani zima kompyuta uwashe.

Kama unataka FL na YouTube vilie pamoja, mfano unajifunza kwa video, achana na ASIO4ALL kwa muda huo. Chagua FL Studio ASIO, ambayo inakubali kugawana kadi na programu nyingine.

UGOMVI WA PILI: DRAIVA MBILI, KADI MOJA

Dalili: jana ilikuwa inapiga, leo hapana. Au programu inaganda pale pale unapochagua draiva. Au Cubase inajifunga yenyewe wakati wa kufunguka.

Hapa kuna wahusika watatu. Wa kwanza ni Windows yenyewe: ikijisasisha inaweza kuondoa draiva ya mtengenezaji na kuweka ya kwake ya jumla. Wa pili ni mabaki, yaani ulishawahi kutumia kadi ya USB ya rafiki, ukairudisha, lakini draiva yake bado imekaa kwenye mashine. Wa tatu ni "Realtek ASIO", inayoingia kimya kimya pamoja na baadhi ya draiva za Realtek. Hii imewahi kugandisha programu nyingi za muziki. Ukiiona kwenye orodha, usiichague.

Dawa: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, gonga Enter. Itafunguka orodha ya vifaa vyote vya kompyuta. Nenda sehemu ya sauti. Ukiona pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao, draiva hiyo ina matatizo. Kwenye menyu ya juu kuna sehemu ya kuonyesha vifaa vilivyofichika. Iwashe, utaona majina yaliyofifia. Hayo ndiyo mabaki, yaondoe.

Kama tatizo limeanza baada ya Windows kujisasisha, bonyeza mara mbili jina la kadi yako, nenda kwenye kurasa ya draiva, kuna kitufe cha "Roll Back Driver" kinachokurudisha kwenye ile ya zamani. Kama kitufe hicho hakibonyezeki, pakua draiva ya mtengenezaji KWANZA, iweke kwenye flashi, ndipo uondoe iliyopo na kuweka mpya. Usiondoe kabla hujapata nyingine, hasa kama intaneti yako ni ya kwenda kafe!

UGOMVI WA TATU: KADI MBILI, PROGRAMU MOJA

Dalili: maiki yako ni ya USB, ila unasikilizia kwenye hedifoni iliyochomekwa kwenye laptopu. Unaanza vizuri, baadaye inaanza kukwaruza, tiki tiki tiki.

Watu wengi hawajui kwamba maiki ya USB ni kadi ya sauti kamili. Na kila kadi ina saa yake ya ndani inayohesabu vipande vya sauti, kwa kawaida 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Saa mbili hazilingani kabisa hata siku moja. Mmoja anakimbia kidogo, mwingine anabaki nyuma, ndipo inatokea mikwaruzo. Ni kama wapiga ngoma wawili waliokaa vyumba tofauti bila kusikilizana: mwanzoni wako pamoja, baada ya muda kila mtu na lwake.

Dawa: tumia kifaa kimoja kwa kuingiza na kutoa sauti. Kama maiki au kadi yako ya USB ina tundu la hedifoni, sikilizia hapo hapo. Kwenye ASIO4ALL washa kifaa hicho kimoja tu, vingine zima. Halafu linganisha namba: Windows na R, andika mmsys.cpl, fungua sifa za kifaa chako, nenda ukurasa wa "Advanced", weka 44,100 au 48,000. Fanya hivyo kwa spika na kwa maiki, kisha weka namba ile ile ndani ya programu ya muziki.

Hapo hapo angalia kama sauti haijapelekwa kwenye televisheni. Ukiunganisha kwa waya wa HDMI, Windows inaweza kudhani televisheni ndiyo spika. Na hedifoni za Bluetooth kwa kurekodi, sahau kabisa. Zinachelewa, na ukitumia maiki yake sauti inashuka kuwa kama ya simu.

INAKWARUZA ILA HAKUNA UGOMVI?

Basi angalia bafa, yaani kile kikapu ambamo kompyuta inarundika vipande vya sauti kabla ya kuvitoa. Kikiwa kidogo, kompyuta dhaifu inashindwa kukijaza kwa wakati, sauti inakatika. Kikiwa kikubwa, sauti inachelewa.

Hesabu ni rahisi. Bafa ya 512 kwa 44,100 ni kama milisekunde 12. Bafa ya 2048 ni kama milisekunde 46, na huo ni muda ambao sauti hewani inatembea karibu mita 16. Yaani ni kama mwimbaji anajisikia kutoka upande wa pili wa uwanja! Na kuna ucheleweshaji wa maiki juu yake. Kwa hiyo: ukirekodi, shusha hadi 256 au 512. Ukimaliza, unapochanganya, pandisha hadi 1024 au 2048, hapo kuchelewa hakuna madhara.

Ukirekodi zima Wi-Fi pia, maana draiva yake inaweza kuikatisha sauti, na weka kompyuta kwenye hali ya nguvu kamili badala ya kubana betri. Kama unasikia mngurumo wa "mmmmm" usiokatika, chomoa chaja utumie betri. Ukiisha, basi shida ni umeme, na draiva haihusiki.

KWA NINYI WA INTANETI KAFE

Kabla hujatoka nyumbani, jua unatafuta nini. Windows na R, andika msinfo32. Utaona jina la mtengenezaji, modeli ya kompyuta, na kama Windows yako ni ya biti 32 au 64. Andika kwenye karatasi. Draiva ya biti 64 haikai kwenye Windows ya biti 32, utakuwa umelipia muda wa bure.

Ukifika kafe, nenda tovuti ya mtengenezaji mwenyewe (Dell, HP, Lenovo, na wengineo), tafuta modeli yako. ASIO4ALL ipo asio4all.org. Kimbia tovuti zenye vitufe vikubwa vya kijani kila kona, na zile programu zinazodai zitasasisha draiva zote kwa mkupuo. Nyingi zinakuja na takataka, wakati mwingine virusi. FL za kuvunjwa nazo ndiyo hivyo hivyo: ukiona sauti inakwaruza kumbe kuna mdudu anakula kompyuta nyuma ya pazia. FL ya majaribio ni ya bure na ina karibu kila kitu, ila projekti uliyohifadhi huwezi kuifungua tena mpaka ununue, hivyo toa wimbo wako kabla hujaifunga. LMMS na Audacity ni za bure moja kwa moja.

Na kama unatengenezea biti kwenye mashine ya kafe, hamishia kazi kwenye flashi kila mara. Kafe nyingine zimeweka programu inayofuta kila kitu mashine ikizimwa.

Fundi akisema lazima kupiga Windows, mwambie asubiri kwanza. Pitia ugomvi wote watatu, nakili projekti zako pembeni, ndipo uamue.

Mwenye tatizo lisilotajwa hapa aliweke hapo chini kwenye maoni. Ila tafadhali usiandike "sauti haitoki nisaidieni" tu! Andika modeli ya kompyuta, Windows gani, programu gani, draiva ipi umechagua, na tatizo lilianza baada ya kufanya nini. Wenye ujuzi watakujibu.