Je, Wajua? Mnjegere Huliwa Kabla Haujazaa

Wapishi wa China hawangoji njegere zijae kwenye maganda. Huchuma ncha changa za mmea: majani laini, shina jembamba na vile vikono vinavyojisokota. Mboga hii huitwa dou miao. Ina ladha ya njegere mbichi, tamu kidogo.

Huhitaji shamba. Loweka njegere kavu usiku kucha. Zitandaze kwenye trei yenye udongo, zikaribiane kabisa, kisha zifunike kwa udongo kidogo. Dirisha lenye mwanga linatosha. Baada ya wiki 2 hadi 3, miche iko tayari. Njegere ziwe nzima, maana zilizopasuliwa haziwezi kuota. Tena ziwe za kula, si mbegu za dukani zilizopakwa dawa.

Usiing'oe. Kata juu kidogo ya jani la chini kabisa. Pale kwenye kifundo huchomoza chipukizi jipya, nawe unavuna tena.

Maajabu yako kikaangoni. Lundo linalojaza karai hunywea likabaki bakuli moja! Mafuta yapate moto sana, kitunguu saumu kinukie, mboga iingie, chumvi kidogo, geuza upesi. Dakika 1 inatosha. Aliyezoea kuchemsha majani ya kunde hadi yalainike, hapa ajizuie. Huko Sichuan, ncha hizi hutumbukizwa kwenye supu ya tambi dakika za mwisho tu.

Na vile vikono? Ni sehemu za jani zilizogeuka kamba za kupandia. Vile vichanga ni vitamu. Vikikomaa, huwa nyuzi mdomoni.