RNA katika ukuaji wa kiinitete

RNA katika ukuaji wa kiinitete ina kazi zaidi ya kupeleka maagizo ya DNA mahali protini zinapotengenezwa. Karibu seli zote za kiinitete zina jeni zilezile, lakini nyingine huwa misuli, nyingine utumbo au neva. RNA za aina mbalimbali husaidia kuamua jeni zipi zitumike, katika seli zipi na wakati gani.

RNA ya mama

Mengi yanajulikana kutokana na chura wa Afrika mwenye makucha (Xenopus laevis). Jamaa yake, Xenopus victorianus, anaishi katika eneo la Ziwa Viktoria na nchi za jirani, zikiwemo Tanzania, Uganda na Rwanda.

Kabla ya kutungishwa, yai la chura huwa na akiba ya RNA mjumbe iliyowekwa na mama. Akiba hiyo huongoza migawanyiko 12 hivi ya kwanza, mpaka kiinitete kifikie seli 4,000 hivi. Ndipo jeni nyingi za kiinitete chenyewe huanza kazi. Kwa binadamu badiliko hilo hutokea mapema zaidi, kwenye seli 4 hadi 8.

RNA hiyo haikusambaa sawasawa. RNA ya jeni VegT hukaa upande wa chini wa yai, na seli zinazoirithi hujenga utumbo. Ikiondolewa, utumbo haujengwi ipasavyo.

Mwaka 1971 John Gurdon na wenzake walidunga RNA mjumbe ya sungura katika seli za mayai ya chura, nazo zikatengeneza hemoglobini ya sungura.

RNA ndogo

MikroRNA zina urefu wa nukleotidi 22 hivi. Hazitengenezi protini, bali hushikamana na RNA mjumbe na kuizuia au kusababisha ivunjwe. Katika chura, miR-427 husaidia kuondoa RNA ya mama muda wake ukiisha.

MikroRNA ya kwanza, lin-4, ilielezwa mwaka 1993 katika mnyoo Caenorhabditis elegans. Mnyoo asiye nayo hurudia hatua za mwanzo za ulava. Kwa ugunduzi wa mikroRNA, Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2024.

RNA ndefu

Mamalia wa kike wana kromosomu X mbili. Mapema katika ukuaji, RNA ndefu iitwayo XIST hufunika mojawapo katika kila seli na kunyamazisha jeni zake nyingi. Panya wa kike asiyeweza kufanya hivyo kwa kawaida hufa akiwa kiinitete.